Yah: Matumizi Mabaya ya Neno Kaka

Nianze na mfasiri, kwa sababu hasira yangu ilianza kwake, ingawa haikuishia kwake. Mtu amepewa kazi ya kugeuza tamthilia ya kigeni iwe Kiswahili. Anakuta msichana anamwita mwanamume mmoja kwa neno la kwao, neno ambalo, kama nilivyokuja kuelezwa baadaye, msichana wa huko anaweza kulitumia kwa ndugu yake, kwa rafiki aliyemzidi umri na hata kwa mchumba. Mfasiri anaandika "kaka". Anaandika "kaka" kuanzia sehemu ya kwanza mpaka sehemu ya mwisho, halafu anawafungisha ndoa. Nani alimruhusu? Mimi nilikuwa karani wa mizigo bandarini hapa Mwanza mpaka nilipostaafu, na kazi yetu ilikuwa maneno. Ukiandika "pamba" kwenye hati, ndani ya gunia inatakiwa iwe pamba. Ikikutwa dengu, anayeulizwa ni wewe uliyeandika. Gunia haliulizwi.

Hayo nimeyaandika kwa hasira na siyafuti. Lakini mtu wa kwanza kuandika "kaka" mahali pasipo na kaka, hapa nyumbani kwangu Mkolani, nilikuwa mimi.

Binti yangu wa tatu ndiye pekee anayekaa nami tangu mama yake afariki. Ana miaka thelathini na mitatu, na ana kibanda cha fotokopi na kupiga chapa mjini, Nyamagana. Miaka minane iliyopita, mke wangu akiwa hai, tulipangisha chumba cha uani kwa fundi wa mashine za boti. Alikuwa mtu wa Ukerewe, mwenye karakana yake ndogo Kirumba, jirani na Mwaloni, ambako wavuvi wa dagaa humpelekea mashine zilizowazimikia ziwani. Alikuja na godoro, sanduku la spana na jiko la mafuta. Siku hiyohiyo jioni nilimwita binti yangu uani, nikamsimamisha mbele ya mpangaji, nikasema, "Huyu ni kaka yako. Utamwita kaka."

Wazazi wengi wa huku wamewahi kusema hivyo, na wengi husema kwa nia njema, ili mgeni asijione mgeni. Mimi sikuwa nampa mtu undugu. Nilikuwa naweka kufuli. Nilikuwa na binti wa miaka ishirini na mitano, na mwanamume asiye na mke, na mlango wa chumba chake ulitazamana na mlango wa jiko letu. Mke wangu alicheka. Aliniuliza kama nimemuuliza huyo mpangaji kama anahitaji dada.

Binti alitii. Kaka, maji yamerudi. Kaka, umeacha taa inawaka. Kaka, baba anauliza kama utakuwepo Jumamosi. Na yeye fundi akaanza kuniita baba, na mke wangu mama, bila kuambiwa na mtu. Jumamosi nyingi alirudi na sato wawili watatu aliopewa na wavuvi, akawaacha mlangoni mwa jiko bila maneno. Mke wangu alipougua, yeye ndiye aliyekuwa akimbeba kutoka kitandani mpaka kwenye bajaji, kwa sababu wanangu wa kiume wako mbali na mgongo wangu haufai. Alipofariki, fundi alisimama kwenye mstari mmoja na wanangu akipokea mikono ya rambirambi, na hakuna aliyemuuliza amesimama pale kama nani.

Hiyo ndiyo nyumba iliyoingiliwa na tamthilia.

Ilikuwa inarushwa siku za wiki, lakini sisi tulitazama marudio Jumapili, kuanzia saa nane mchana, sehemu zote za wiki kwa mkupuo. Tulikuwa wanne: mimi, binti yangu, fundi, na jirani yetu, mjane wa Kihaya, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Huyo mwalimu alikuja na kiti chake mwenyewe kila Jumapili kwa madai kwamba viti vyangu vimelegea kama mwenye navyo. Binti alileta chai na viazi vitamu. Fundi alikaa karibu na mlango, kwa sababu ndiye aliyetoka kwenda kuuzungusha ule ungo wa king'amuzi picha ilipoanza kukatika.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya msichana ambaye baba yake alitengeneza miavuli. Tulimwita Mwavuli, maana majina yao yalitushinda. Baba yake alikuwa amemchukua yatima mmoja na kumfundisha kazi, wakakua nyumba moja, na huyo ndiye aliyeitwa kaka. Kulikuwa pia na daktari wa meno mwenye gari jeupe, na mwanasheria ambaye hakupendwa na yeyote sebuleni kwangu kwa sababu alikula huku akiongea na simu. Kazi yetu, sehemu baada ya sehemu, ilikuwa kumwoza Mwavuli.

Mimi nilimtaka daktari. Nilimtetea kama wakili. Nilisema ana kazi ya maana, ana nyumba, ana mama mstaarabu. Mwalimu alinijibu kwamba daktari hajawahi hata siku moja kumuuliza yule binti kama amekula.

"Ana gari," nikasema.

"Mzee mwenzangu, wewe unamtaka daktari kwa sababu ya hilo gego lako," mwalimu akasema, na binti yangu akacheka mpaka chai ikamwagika. Ni kweli gego lilikuwa linaniuma.

Mwalimu alimtaka yule aliyeitwa kaka. Hapo ndipo ugomvi ulipokuwa. Nilimwambia haiwezekani, ni kaka yake. Akasema wale hawakuzaliwa pamoja, na neno lile la kwao ni la heshima tu, mjukuu wake amemweleza. Nikasema sitazami tamthilia kwa masikio ya mjukuu wake, natazama kwa Kiswahili, na Kiswahili kimesema kaka. Nilichukua daftari nikauchora ukoo wao: baba, mama marehemu, binti, na mstari kutoka kwa baba kwenda kwa yule fundi miavuli. Nikamwonyesha. Akauliza huo mstari nimeuchora kwa damu au kwa kalamu. Nikasema kwa maneno yaliyotamkwa.

Nilifurahia. Sitadanganya. Tangu nistaafu hakuna aliyekuwa akinibishia jambo kwa umakini namna ile. Nilikuwa nangojea Jumapili kama mtoto, na kila wiki nilizidi kupandisha sauti.

Sasa nieleze maswali ya mwalimu, kwa sababu yalikuwa maswali ya ajabu na mimi sikuyaona. Jumapili moja aliuliza, eti kama yule fundi miavuli angetuma mtu kwa baba wa Mwavuli, huyo mtu angepokelewaje. Nikasema angepewa maji ya kunywa na kuonyeshwa barabara. Jumapili nyingine akauliza, je, tatizo ni kazi yake ya mikono? Nikasema kazi ya mikono si aibu, lakini binti aliyesoma hawezi kulala na harufu ya gundi maisha yake yote. Akauliza, na kama baba angekuwa ni wewe, ungetaka uletewe barua kwanza au uambiwe kwa mdomo? Nikamwambia mimi nisingetaka kuletewa chochote. Nilijibu yote hayo nikitafuna kiazi, macho kwenye luninga. Fundi alikuwa palepale mlangoni, na mikono yake, hata akiiosha vipi, ilinukia petroli na mafuta ya mashine.

Kisha ikaja sehemu ambayo baba wa Mwavuli yuko kitandani, hali mbaya. Anamshika mkono yule fundi wake, anamwambia, "Wewe ni mwanangu." Nilijipiga paja. Nikamgeukia mwalimu nikamwambia kesi imekwisha, baba mwenyewe ametamka.

Mwalimu akasema hata mkwe huitwa mwana.

Ndipo binti yangu akasema. Alikuwa amesimama kati ya sebule na korido, birika mkononi. Kwa wiki zote zile hakuwa amechangia neno.

"Baba, kama hawakuzaliwa tumbo moja, kosa lao ni nini?"

Nakumbuka kila neno la jibu langu, kwa sababu nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko sala. Nilisema, "Binti anayemgeuza kaka kuwa mume hana adabu. Na huyo mwanamume ni mwizi. Amefunguliwa mlango kama mtoto wa nyumba, kumbe alikuwa anapima madirisha."

Kwenye luninga watu walikuwa wanalia. Fundi aliweka kikombe chini, akasimama, akasema, "Asante kwa chai, mzee." Mzee, si baba. Hilo nalo sikulisikia siku ile. Niliona tu kwamba ametoka bila kungoja matangazo yaishe, na nikamwambia mwalimu kwamba vijana wa siku hizi hawana subira hata ya kutazama picha.

Mwisho wa mwezi alikuja kuniaga. Alisema amepata nafasi ya kufungua karakana kwao, Nansio, karibu na gati. Alizungumza amesimama. Nikamtakia heri. Chumba aliniachia kimefagiliwa na kupigwa deki, na kitasa kilichokuwa kimelegea kwa miaka mitatu alikuwa amekikaza. Binti yangu siku ile alirudi nyumbani mapema kutoka mjini, akakuta ameshaondoka, akaenda kuanua nguo zilizokuwa bado mbichi.

Tamthilia iliendelea bila yeye. Picha ilipokatika nilitoka mwenyewe kuzungusha ungo, nikawa nauharibu zaidi. Mwalimu alikuja na kiti chake lakini hakubisha tena. Nilidhani nimemshinda kwa hoja.

Halafu ikaja Jumapili ya mwisho, na Mwavuli akaolewa na kaka.

Sijui kama nimewahi kukasirika hivyo kwa jambo lisilonihusu. Nilizima luninga kabla hawajakata keki. Niliona nimechezewa. Miezi yote hiyo nimetetea heshima ya neno, kumbe walioliweka neno hawakulijali. Jumatatu asubuhi nilikaa mezani nikaandika barua kwa kituo cha luninga, kwa mwandiko wangu wa bandarini, kurasa mbili. Juu niliweka: Yah: Matumizi Mabaya ya Neno Kaka. Nilieleza kwamba Kiswahili kina ndugu, rafiki, mwenzangu, mpenzi na mchumba, na mfasiri mwenye maneno yote hayo hana sababu ya kuwaonyesha watoto wetu msichana akifunga ndoa na mtu aliyemwita kaka maisha yake yote. Nilieleza kwamba mtu wa namna hiyo ni mwizi aliyefunguliwa mlango. Nililipenda sana hilo, nikalipigia mstari.

Nikapanda gari mpaka mjini kumpelekea binti yangu aipige chapa.

Kibanda chake ni chembamba. Mbele pana mashine ya fotokopi, nyuma yake kompyuta, na wateja husimama nje, kwenye kibaraza. Asubuhi ile palikuwa na wanafunzi wawili wa chuo na mama mmoja aliyetaka nakala za cheti cha kuzaliwa. Nilikaa kwenye stuli. Binti alichukua karatasi zangu akaanza kupiga chapa bila kusoma kwanza, kama wafanyavyo. Anapiga upesi kuliko karani yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Alimaliza ukurasa wa kwanza. Alipofika katikati ya wa pili, vidole vikasimama.

Akawaomba wateja wamsubiri kidogo. Akageuza kiti chake, akaniuliza kama kweli nataka hiki kipande kilichopigiwa mstari kipigwe chapa kama kilivyo. Nikasema ndiyo, na kwa herufi nene.

Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Baba, hili neno kwenye televisheni aliliweka mfasiri. Hapa nyumbani uliliweka wewe. Mimi sikumchagua awe kaka. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, umenisimamisha uani, umeniambia niseme kaka, nikasema. Alipotaka kuja kwako kwa heshima, umemwita mwizi, na kikombe chako kiko mkononi mwake. Sasa umeniletea niipige chapa."

Nikamuuliza alitaka kuja kwangu kufanya nini. Ndivyo nilivyokuwa mjinga. Yule mama wa cheti cha kuzaliwa aliangalia pembeni, naye alikuwa ameshaelewa.

Binti akageukia kompyuta. Alimalizia barua yote, na hicho kipande akakiandika kwa herufi nene kama nilivyoagiza. Akaichapa, akaibana kwa pini, akaitia kwenye bahasha, akanipa. Kisha akamwita mama wa cheti.

Barua hiyo ninayo mpaka leo. Sikuituma.

Nilirudi Mkolani moja kwa moja mpaka kwa mwalimu. Alikuwa barazani na ungo wa mchele anachagua mawe. Sikumsalimu. Nilimuuliza alijua nini. Akaniambia, bila kuacha kuchagua, kwamba fundi alikuwa amemwomba awe mshenga, na kwamba binti yangu alikuwa ameridhia, na kwamba hawakuwa wamefanya lolote la kunificha ila kungoja. Walitaka kujua kwanza nitasimama upande gani.

Nikawaka. Nilimwambia mshenga ni mtu anayevaa vizuri, anabisha hodi, anakaa na kusema kilichomleta. Haji kutoa posa katikati ya tamthilia. Nilimwambia wamenifanyia hila ndani ya nyumba yangu, wamenitegea swali la mtu wa kwenye luninga ili nijifunge mwenyewe. Kwa nini hakuna aliyeniuliza waziwazi?

"Tulikuuliza, mzee mwenzangu," akasema. "Tulikuuliza kila Jumapili. Na kila Jumapili ulijibu."

Nikasema nilijibu kuhusu watu wa mchezo. Akasema hasa kwa sababu ni watu wa mchezo ndiyo maana nilisema kweli, kwa kuwa mbele ya mshenga aliyevaa vizuri ningesema maneno mazuri kisha ningekataa. Nikamjibu kwamba hata hivyo kizuizi kilikuwa neno, na neno lilikuwa limeshatamkwa, na mimi si mtu wa kutamka na kutengua.

Hapo ndipo alipoacha mchele.

"Na angekuwa daktari wa meno ndiye amepanga chumba cha uani, akaitwa kaka miaka saba, leo ungesemaje?"

Nilijua ningesemaje. Ningesema kaka ni neno la heshima tu.

Bado naona walinikosea. Nilikuwa na haki ya kuulizwa na mtu anayenitazama usoni, si kupimwa nikiwa natafuna. Hilo nitalisema mpaka mwisho. Lakini nikishalisema, linabaki hili: wangekuja na barua, ningeichana. Sababu ambayo ningeitoa ni ukaka, na sababu yenyewe ingekuwa mafuta ya mashine kwenye kucha zake. Mke wangu alibebwa kwa mikono hiyohiyo na sikuona uchafu wake.

Siku kadhaa baadaye nilimwomba mwalimu apeleke ujumbe Nansio: kwamba neno mwizi nimelirudisha, na neno kaka nalo nimelitengua. Alikubali la kwanza. La pili alikataa. Alisema nililitamka uani mbele ya watu wawili, basi niende nikalitengue uani mbele ya watu wawili haohao.

Ilichukua muda. Majibu ya kwanza kutoka Nansio yalikuwa kwamba amesikia. Hayo tu, amesikia. Binti yangu hakuniuliza kitu na mimi sikumwambia kitu, tukawa tunakula kimya kama wapangaji. Kisha Jumamosi moja fundi alikuja mjini kununua vipuri vya mashine Kirumba, na mwalimu akamshawishi afike Mkolani kabla meli ya mchana haijaondoka.

Alisimama palepale uani, na begi la vipuri begani. Binti alitoka jikoni akakausha mikono kwa khanga. Mwalimu alibaki getini, kwa makusudi.

"Shikamoo mzee," akasema fundi.

"Marahaba."

Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeandika hata kwenye karatasi. Nikamtazama binti yangu nikasema, "Huyu si kaka yako. Hakuwahi kuwa kaka yako. Nilikosea kusema." Na papo hapo nikasikia jinsi maneno hayo yanavyotoka kwa sauti: kama mtu anayemfukuza mwenzake kwenye ukoo.

Fundi alishusha begi chini. Uso wake nilikuwa siujui hivyo. Katika miaka saba sikuwahi kumwona amekasirika.

"Mzee," akasema, "mama nilimzika kama nani?"

Nikasema alimzika kama mwanawe.

"Kwa hiyo leo umenitoa huko pia?"

Sikuwa na karatasi kwa swali hilo. Nilisema hapana, huko sijakutoa. Akauliza basi nimemtoa wapi na nimemweka wapi. Alikuwa na haki ya kuuliza. Mimi ndiye niliyempa nafasi katika nyumba kwa ajili ya kumfungia njia, yeye akaichukua kwa moyo wake wote, na sasa nilikuwa nataka kuipokonya kwa ajili ya kumfungulia. Vyovyote vile alikuwa anahamishwa kama mzigo, na mwenye kuhamisha ni mimi.

Nikasema, "Nisamehe." Sikuongeza, maana kila nilichokuwa nacho cha kuongeza kilikuwa cha kujitetea.

Binti yangu akasema, "Baba, ingia ndani."

Niliingia. Nilikaa sebuleni. Kupitia dirisha niliwaona wamesimama mbalimbali kama watu wawili wanaongojea gari tofauti kwenye stendi moja. Nani alisema nini sijui. Binti aliongea zaidi, na wakati mmoja alipangusa macho kwa nguvu, kama mtu aliyeudhika na macho yake. Fundi alitazama chumba chake cha zamani, ambacho hakijapata mpangaji. Baadaye alichukua begi akatoka, akampungia mwalimu mkono, akawahi meli.

Binti alipoingia nilitaka kuuliza. Niliuma ulimi. Alipita akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa vimeshaoshwa.

Sasa kuna tamthilia nyingine Jumapili, ya familia ya wauza samaki wa huko mbali, na kuna binti mmoja pale na wanaume wawili wanaomtaka. Mwalimu amerudi na kiti chake. Wiki iliyopita, baada ya sehemu mbili tu, aliniuliza huyu naye tumwoze nani. Nilimwambia sijamfahamu vya kutosha. Akasema nimezeeka.

Simu ya binti yangu iliita hapohapo. Aliitazama, akasimama, akatoka nayo mpaka mlangoni, pale fundi alipokuwa akikaa.

"Haloo, ka..." akasema, akakatiza.

Nilingoja aweke neno lingine. Jina lake analijua, lakini hajawahi kulitumia, miaka minane hii, kwa sababu nilimpa neno na hakuhitaji jina. Akabaki amesimama na simu sikioni, mdomo wazi kidogo.

Nilichukua rimoti nikapunguza sauti ya luninga mpaka mwisho.

"Ni mimi," akasema binti yangu, na akatoka uani.